Gari la Bi Kibibi na Idara ya Miteremko

Nchi ya Heko haimo kwenye ramani, kwa sababu serikali yake inasubiri kwanza ramani zitengenezwe vizuri zaidi. Nimefika huko, na sijaona taifa lenye adabu kama lile. Mheko akipiga chafya, jirani yake humpongeza. Waziri akizindua daraja hupigiwa makofi, na daraja likianguka hupigiwa makofi tena kwa kuwa hakuwa juu yake. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba haya nayasimulia kwa nia mbaya. Nayasimulia kwa kuwa yalitokea, na aliyetokewa nayo yuko hai, ingawa siku hizi hapendi kutazamwa usoni.

Anaitwa Injinia Shaibu. Alikuwa mtumishi wa Wizara ya Nishati, Moshi na Heshima, mtu mpole, msomi wa mambo ya umeme, ambaye ofisini kwake walimtuma hasa kubadilisha balbu. Alilelewa na shangazi yake, Bi Kibibi, mkunga mstaafu wa mtaa wa Bondeni, na mpaka leo akiingia kwake humshika goti kwanza ndipo aketi.

Bondeni, kama jina linavyosema, iko bondeni. Hospitali iko juu ya mlima, kwa sababu mkubwa aliyeijenga alipenda upepo. Kati ya wanawake wenye uchungu na hospitali yao kuna barabara inayopanda kama ngazi, na kwa miaka mingi kitu pekee kilichoipanda bila kuuliza maswali kilikuwa gari la Bi Kibibi. Lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, rangi ya chai ya maziwa, aliloachiwa na marehemu mumewe. Lilitoa moshi mweusi na sauti ya mtu anayegombana na wakwe, lakini lilipanda. Nusu ya vijana wa Bondeni walizaliwa juu ya mlima ule kwa sababu yake, na wachache walizaliwa ndani yake, kwenye kona.

*

Mambo yalianza Waziri aliporudi safari. Mheshimiwa Dakta Tiberio Ngwalida alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa ng'ambo, akapandishwa gari la umeme, akakaa ndani akisubiri liwashwe, mpaka alipoambiwa ashuke kwa kuwa wamefika. Jambo hilo lilimgusa sana. Siku aliyorudi aliita watumishi wote ukumbini.

"Ndugu zangu!" alisema. "Wenzetu wananunua magari mapya ya umeme. Je, sisi tutanunua?"

Ukumbi ulikaa kimya, maana haukujulishwa jibu.

"Hatutanunua! Sisi tutayabadili haya haya tuliyo nayo! Tutang'oa injini, tutatia mota! Tutang'oa tangi, tutatia betri! Moshi ni aibu, ndugu zangu, na aibu haina nafasi katika Heko!"

Makofi yalipigwa mpaka feni moja ya darini ikaanguka, nayo ikapigiwa makofi.

Katika ukumbi ule mtu mmoja alikuwa akipiga makofi kwa moyo. Injinia Shaibu alijua kwamba jambo lile linawezekana. Tangu chuoni alikuwa akilifikiria. Alisimama, akaomba ruhusa, akaeleza kwa maneno machache jinsi mota inavyoweza kufungwa kwenye giaboksi ya zamani, na betri zikagawanywa mbele na nyuma ili gari lisielemee upande mmoja. Waziri hakuelewa hata neno, ila alipenda namna lilivyosemwa.

"Kijana, tafuta gari," alisema. "Lakini lisiwe gari tu. Liwe gari lenye historia. Liwe gari ambalo mtu akiliona, atoe kitambaa afute macho."

Injinia hakuhitaji kutafuta. Jioni hiyo alikuwa Bondeni, ameshika goti la shangazi yake.

"Shangazi, nataka kulibadili gari."

"Liwe nini?"

"Liwe la umeme."

"Umeme huu huu unaokatika nikishika pasi?"

Injinia alicheka. "Utalichaji wakati upo. Likijaa, litapanda na kushuka mlima bila tone la petroli. Halitatoa moshi. Wale akina mama hawatakohoa tena njiani."

Bi Kibibi alilitazama gari lake lililokuwa limesimama chini ya paa la makuti, limevuja mafuta kidogo kama kawaida yake.

"Mimi moshi haujaniudhi," alisema. "Kinachoniudhi ni bei ya petroli na lile geti la hospitali. Hilo geti utalibadili?"

"Geti siwezi."

"Haya. Lichukue. Ila Shaibu, marehemu mume wangu aliliacha linakwenda."

"Nitalirudisha linakwenda, shangazi."

*

Na kwa haki ya Mungu alilitengeneza. Hapa naomba msomaji aniamini, kwa sababu baadaye atapata shida kuamini. Injinia alipewa banda nyuma ya Wizara na mafundi wawili, akavaa ovaroli. Waliitoa injini, nzito na nyeusi, wakaishusha chini kwa minyororo. Wakatoa rejeta, tangi na ekzosi yote iliyokuwa imeshikiliwa kwa waya. Mota aliipata kwenye mashine mbovu ya kunyanyulia mizigo bandarini. Aliikwangua, akaisuka upya, akachonga bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi. Betri ziliagizwa kutoka nje kwa idhini ya Baraza zima la Mawaziri. Zikafika zikiwa mpya, zimefungwa kama maharusi. Akafunga na pampu ndogo ya kusaidia breki, kwani zamani breki zile zilisaidiwa na injini, na bila injini kanyagio huwa gumu kama jiwe.

Siku ya majaribio hakualika mtu. Aliketi, akageuza swichi, akakanyaga. Gari likaondoka bila sauti, kama mtu anayetoka msikitini kabla ya hotuba. Aliliendesha mpaka Bondeni, akaligeuza, akaupanda mlima wote mpaka geti la hospitali. Mlinzi alimuuliza ni nani anayelisukuma kutoka nyuma. Injinia aliegemea usukani akalia. Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, na alilia kwa furaha mbele ya mlinzi wa geti.

Kesho yake alifika bandani akakuta gari limefunguliwa boneti na buti. Betri zote hazipo.

Hazikuibwa. Katika Heko mali ya umma haiibwi, huhamishiwa. Zilikuwa zimehamishiwa nyumbani kwa Waziri, ambako kulikuwa na chemchemi ya bustanini yenye taa za rangi na muziki. Umeme ukikatika, chemchemi ilinyamaza mbele ya wageni, jambo lililoshusha hadhi ya nchi. Sasa haikunyamaza tena.

Injinia alikwenda kumwona Waziri ofisini.

"Mheshimiwa, uzinduzi umekaribia, na gari halina betri."

"Injinia, usiwe na roho ndogo. Uzinduzi utafanyika wapi?"

"Barabara ya mlimani, mheshimiwa."

"Kuanzia wapi?"

"Kamati imesema kuanzia hospitali hadi uwanjani chini."

"Sasa nieleze mimi ambaye si injinia. Gari likiwa juu ya mlima, linahitaji betri ili lishuke?"

Injinia alitazama zulia.

"Nimekuuliza kitu cha kitaalamu."

"Halihitaji, mheshimiwa."

"Basi unalalamika nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema neno lingine. Alikuwa nalo mdomoni. Angeweza kusema kwamba ameahidi, kwamba kuna watu bondeni, kwamba gari si maonyesho. Lakini zulia la ofisi ile lilikuwa zito, na Waziri alikuwa amekwisha kuvaa miwani ya kusomea mambo mengine, na Injinia akafikiri kuwa akiwa mtulivu sasa, betri atarudishiwa baadaye.

"Sawa, mheshimiwa," alisema.

*

Uzinduzi ulifana kupita kiasi. Alfajiri, watumishi wa Wizara walilivuta gari kwa lori mpaka juu ya mlima, wamelifunika turubai lililoandikwa KAZI INAENDELEA. Ilipofika saa ya wageni, turubai likaondolewa, bendi ikapiga, na Injinia Shaibu, amevaa suti, akaingia, akatoa breki ya mkono.

Gari likashuka.

Lilishuka kimya, kimya cha ajabu, na umati wa pande mbili za barabara ukapiga kelele kwa niaba yake. "Halina moshi!" walipaza sauti. "Halina hata mngurumo!" Mtangazaji wa redio ya taifa alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia kitu kisichosikika namna ile. Ndani ya gari, Injinia alikuwa amesimamia kanyagio la breki kwa miguu yote miwili, kwa kuwa pampu yake nayo ilihitaji umeme, na jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye soksi. Watu waliona jasho wakasema ni uzalendo.

Bi Kibibi alikuwa amekalishwa jukwaani kwenye kiti cha mbele, amevaa kanga mpya. Injinia alimwona alipopita. Alikuwa amesimama, mikono kifuani, machozi yanamtoka, anamwambia kila aliyekuwa karibu: "Mwanangu huyo. Nimemlea mimi." Injinia akageuza uso upande wa pili, na upande wa pili kulikuwa na kamera.

Alivishwa nishani siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa nchi iligundua kwamba gari la umeme la Heko hufanya kazi vizuri zaidi likielekea chini, ikaundwa Idara ya Miteremko, na Injinia akawa Mkurugenzi wake. Idara ilipima vilima vyote vya jamhuri. Ilishauri kwamba barabara zijengwe upya ili kwenda kazini kuwe kushuka, na kurudi nyumbani pia kuwe kushuka. Wataalamu wawili waliouliza itawezekanaje walipongezwa, wakahamishiwa visiwani. Mjumbe mmoja wa Bunge alipouliza kuhusu wajawazito wa Bondeni, Waziri alimjibu kwamba wajawazito waelimishwe kuzaa wakati wa kushuka. Na kwa heshima ya uzinduzi, vituo vya petroli vya mji ule vikafungwa mpaka tangazo jingine, ili moshi usije ukawaaibisha wageni.

Kisha Waziri akaagiza gari lirudishwe kwa mwenyewe, mbele ya waandishi wa habari. Likateremshwa Bondeni na kuegeshwa chini ya paa la makuti, limepakwa rangi mpya ya taifa. Bi Kibibi alilifuta kwa upindo wa kanga yake.

"Nitalichaji wapi, mwanangu?" aliuliza.

Injinia alikuwa akitazama kiatu chake. "Usiliwashe kwanza, shangazi. Limefanya kazi kubwa. Bado linapumzika."

"Gari linapumzika?"

"Ndiyo. Mambo ya umeme yako hivyo."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Alikwenda kwa Waziri kuomba betri. Akaambiwa asubiri msimu wa wageni uishe. Alikwenda tena, akakaribishwa kutazama chemchemi. Alisimama pale bustanini na bilauri ya juisi mkononi, maji yakiruka mekundu, kijani na zambarau kwa wimbo wa taifa, naye, Mungu amsamehe, alisema inapendeza.

*

Mwajabu, mke wa mshona viatu wa Bondeni, alishikwa na uchungu adhuhuri, watu wakianika nguo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Walimwita Bi Kibibi, naye alipomgusa tumbo akajua mara moja kwamba mtoto amekaa vibaya, na kwamba kazi hii si ya mikono yake. Ni ya hospitali, tena haraka.

Akasema lileteni gari. Kisha akakumbuka kwamba gari linapumzika.

Watu wanasema alisimama kidogo mlangoni, akiwa na funguo mkononi, kama mtu anayetaka kumwamsha mgonjwa. Halafu akasema, "Litanisamehe." Wakamlaza Mwajabu nyuma, kwenye magodoro. Bi Kibibi akaketi, akageuza swichi, akakanyaga. Kimya. Lakini alikuwa ameona uwanjani kwamba gari hili huenda kwa kimya, kwa hiyo akaendelea kukanyaga, akiamini kwamba linaondoka, mpaka mshona viatu alipomwambia kwa upole kutoka nje: "Bi mkubwa, bado tuko hapa."

Alijaribu tena na tena. Aligusa kila kitufe. Watu wakalisukuma, lakini mlima ule haupandiki kwa kusukuma. Hapakuwa na gari jingine lenye petroli. Mwishowe wakamhamishia Mwajabu kwenye mkokoteni wa muuza maji, wakavuta, wengine mbele, wengine nyuma, Bi Kibibi kando akimshika mkono na kuhema. Jua lilikuwa kali. Kwenye kona ya pili kutoka juu, mtoto akazaliwa. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Mwajabu alipona. Wizara, katika taarifa yake kwa vyombo vya habari, ilieleza masikitiko, ikaongeza kwamba mkokoteni ni chombo kisichotoa moshi, na ikawapongeza wakazi wa Bondeni kwa kuitikia sera.

Injinia alipata habari akiwa kwenye kikao cha Idara. Alikwenda Bondeni moja kwa moja. Njiani alitengeneza maneno, akayapanga na kuyapangua. Alimkuta shangazi yake ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, miguu ikiwa bado na vumbi la mlimani. Kabla hajashika goti lake, Bi Kibibi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Shangazi..."

"Uliniambia nisiliwashe. Uliniambia linapumzika. Mimi na ukaidi wangu nikalilazimisha. Nimeliharibu gari lako, na yule mtoto..." Hakumaliza. "Wewe umesoma, ukaniambia, mimi sikusikia. Nimezalisha mtaa mzima, Shaibu, na huyu mmoja nimemuua kwa kutosikia."

Yale maneno yote aliyoyapanga njiani yalitawanyika. Alifungua mdomo. Alichotaka kusema kilikuwa kifupi, mtu angeweza kukisema kwa pumzi moja. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Usilie, shangazi. Ni kudura ya Mungu."

Nimewaona watu wengi wa Heko wakiona haya, na kwa kawaida haya yao huisha chakula kikiletwa. Injinia hakula hapo. Alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama akitazama ukuta. Baadaye aliniambia kwamba siku ile ndipo alipojua kwamba mtu anaweza kuona haya mpaka masikio yakauma.

*

Haukupita muda wakaja wageni wa nchi za nje, mabalozi na wataalamu, kujionea maajabu. Gari likavutwa tena mlimani chini ya turubai. Jukwaa likajengwa katikati ya mteremko. Bi Kibibi aliletwa akakalishwa mbele, maana alikuwa sehemu ya ratiba. Hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu aliambiwa mwanawe atafurahi.

Waziri alihutubia. Alisema kwamba kuna mataifa yaliyotegemea mafuta, na mengine yaliyotegemea upepo, lakini Heko imejitegemea yenyewe. Bendi ikapiga. Injinia akatoa breki ya mkono.

Alipofika mbele ya jukwaa, akasimamia kanyagio kwa uzito wake wote. Tairi zikalia, gari likaserereka kidogo, likasimama. Akavuta breki ya mkono. Akashuka, akazunguka mbele, akafungua boneti. Akazunguka nyuma, akafungua buti. Kisha akasimama kando, mikono imening'inia.

Mbele mlikuwa na mota, na nyaya zinazoning'inia zisizoshika kitu. Nyuma mlikuwa na tundu tupu, na kando yake magodoro ya kulazia wagonjwa.

Balozi mmoja aliinama akatazama, akauliza kwa ustaarabu betri ziko wapi. Waziri alishika kipaza sauti bila hata kutetemeka.

"Mheshimiwa Balozi ameuliza swali zuri!" alisema. "Kwingineko betri huonekana. Sisi tumefika hatua ambayo hazionekani!"

Yakapigwa makofi makubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika nchi ile. Mabalozi nao wakapiga, wasije wakaonekana hawakuelewa. Hapo hapo Waziri akatangaza kwamba Injinia Shaibu, kwa uwazi wake wa kufungua boneti, atavishwa nishani ya pili. Wakamvisha. Alisimama akivishwa, kichwa chini.

Bi Kibibi peke yake hakupiga makofi. Aliinuka kitini, akashuka jukwaani polepole akishikilia ukingo, akafika kwenye gari. Aliingiza mkono ndani ya boneti, akashika ncha ya waya, akaitazama. Akaenda nyuma, akatazama. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Zilitolewa lini?"

"Kabla ya uzinduzi, shangazi."

"Siku ile nililiwasha, hazikuwamo?"

"Hazikuwamo."

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, shangazi."

Makofi yalikuwa bado yanaendelea, ikabidi Injinia aseme kwa sauti: "Nami nilijua."

Bi Kibibi alimsogelea. Nilikuwa karibu, nikatarajia atampiga kofi, na nadhani Injinia pia alitarajia, hata akasogeza uso. Hakumpiga.

"Hayo usiniambie mimi," alisema. "Mwajabu yuko nyumbani. Twende."

*

Waliteremka kwa miguu, bibi mbele, Mkurugenzi nyuma, amevaa nishani mbili. Njiani watu walimpa mkono, naye akawapa wake, maana hakujua afanye nini kingine. Mlangoni kwa mshona viatu, Mwajabu mwenyewe ndiye aliyefungua. Alikuwa amekonda. Alimwona Bi Kibibi akamwamkia, akamwona Injinia akajifunga kanga vizuri.

"Karibuni. Kaeni."

Injinia hakuingia. Alisema yote akiwa amesimama: betri, chemchemi, mteremko, na ule uongo wa kupumzika. Hakutaja kudura ya Mungu. Mwajabu alisikiliza akiwa ameshika mwimo wa mlango. Hakulia wala hakupaza sauti, na Injinia aliniambia kwamba angeona nafuu kama angepaza.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Tatu wa hapo kisimani ana mimba kubwa. Atajifungua karibuni." Alitazama nje, juu ya bega la Injinia. "Gari lina nini ndani sasa hivi?"

"Halina kitu."

"Basi litie kitu," alisema Mwajabu, akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi, mchana kweupe, Injinia Shaibu alikwenda nyumbani kwa Waziri na wale mafundi wawili na lori la Idara. Walinzi waliona nishani mbili, wakapiga saluti. Alizima chemchemi katikati ya wimbo, akafungua betri moja baada ya nyingine, akazipakia. Mke wa Waziri alitoka kibarazani akauliza kuna nini. Injinia akamwambia ni matengenezo, na kwa mara ya kwanza tangu apande cheo alikuwa hasemi uongo. Kufikia jioni betri zilikuwa zimefungwa tena kwenye gari la Bi Kibibi.

Waziri alighadhibika mpaka akaita mwanasheria. Mwanasheria alifikiri sana, kisha akamweleza kwamba kesi haiwezekani. Kwa mujibu wa hotuba za Mheshimiwa mwenyewe, zilizochapishwa na kusambazwa mashuleni, betri hazikuwahi kutoka kwenye gari. Mtu hawezi kuibiwa kitu ambacho ametangaza kwamba hana. Injinia aliondolewa tu kwenye Idara kwa kupongezwa, na siku hizi anarekebisha redio na pasi kwenye kibanda pale Bondeni.

Tatu alishikwa na uchungu siku ya mvua. Bi Kibibi aliendesha mwenyewe. Gari lilipanda ule mlima, mvua ikitiririka kinyume chake, bila bendi, bila turubai, bila mtangazaji, na mlinzi wa geti akachelewa kufungua kwa kuwa hakulisikia likija. Mtoto ni msichana. Alilia mpaka wauguzi wakacheka.

Gari lilipopita mbele ya nyumba ya mshona viatu likienda mlimani, Mwajabu alikuwa mlangoni. Alilitazama mpaka likapinda kona, kisha akaingia ndani. Injinia alimwona kutoka kibandani kwake.

Jioni watu wa Bondeni wakakusanyika, kama ilivyo desturi ya nchi ile, wakaja na ngoma na sinia la wali kumpongeza fundi. Aliwasikia wakiwa bado kisimani. Aliweka chini pasi aliyokuwa akiitengeneza, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye mvua mpaka waliporudi makwao.